Bega la Mwimbaji Aliyestaafu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijaivunja bendi kwa vijiti vyangu viwili, maana mimi ndiye mpiga dramu wa bendi ya roki ya watu wazima wenye vitambi na miwani ya kusomea, na koo lilipomstaafisha mwimbaji wetu tulimpata binti mmoja, mwalimu wa chekechea, sasa tunarekodi naye albamu, na mshauri, yule binti anaimba! Akifungua kinywa, fundi mitambo wetu, mtu ambaye hajasifu kitu tangu tumjue, huacha kutafuna karanga zake. Tatizo ni mimi. Miaka yote nimekuwa nikiangalia bega la yule mwimbaji wa zamani, likishuka tu naingia na dramu, maneno ya nyimbo wala siyajui, na huyu binti husimama wima kama mlingoti, basi nachelewa, tunarudia, nachelewa tena. Jana mpiga gitaa, ambaye ni shemeji yangu, akaniuliza, "Shemeji, umelala au umetutoka?" Nikasingizia vijiti vinateleza. Binti akavua hedifoni, akasema polepole, "Mzee wangu, kama hunitaki niambie tu. Tukirekodi tena ikiwa hivi, naondoka." Nimtake vipi zaidi ya hapa? Lakini nikisema ukweli, wenzangu watanicheka mpaka kaburini. Nifanyeje?

Mchelewaji

Ndugu Mchelewaji,

Pole, na shika adabu. Pole, kwa sababu kuzoea bega la mwenzio ni mapenzi, na mapenzi hayafutiki kwa siku moja. Adabu, kwa sababu unamwacha mtoto wa watu aamini ana kasoro, kumbe kasoro imekaa nyuma ya dramu, imevaa miwani. Mficha uchi hazai. Unaogopa kuchekwa? Kwani sasa hivi wanakusifia nini?

Siku ya kurekodi tena, wahi studio kabla shemeji yako hajafika na mdomo wake. Mwambie binti yote uliyoniandikia, hasa lile la fundi kuacha kutafuna, maana nina hakika hakuna aliyemwambia. Halafu usithubutu kumwomba atikise bega. Lile limestaafu, liache lipumzike. Mwombe akufundishe maneno ya nyimbo, mstari kwa mstari, kama anavyowafundisha wale wanafunzi wake wadogo wa chekechea.

Wala usione haya. Wanaoangalizia kwa jirani amewazoea.