Kisu Kilimkuta Hai?

Ijumaa, 20 Septemba 1957

Nimenyang'anywa pilau ya Maulidi. Leo, saa nane mchana, baada ya sala. Miaka sita nimeipika mimi — sufuria tatu kubwa, watu mia nne, hajalala mtu na njaa — na mwaka huu atapika mwingine.

Aliyeniambia ni Mwalimu Idarus mwenyewe. Kasimama mlangoni pa hoteli yangu, hata chai hakutaka. Kwa adabu, eti! Mama Salme, watu wanasema swala unayempika ni nyamafu. Mimi sisemi. Wanasema wao.

Nikamweleza kama mtoto wa chuoni. Mzungu wa Kitisuru watumishi wake Waislamu, hawali kisichochinjwa. Kwa hiyo akienda kuwinda humchukua mume wangu, Jabir. Mzungu anapiga risasi, Jabir anakimbia na kisu, bismillahi, anachinja kabla roho haijatoka. Nyama inayobaki inakuja kwangu. Kuna siri gani hapo?

"Kisu kinamkuta hai? Kila mmoja?"

Kila mmoja! Nilisema kwa sauti hadi wateja wakageuka na matonge mkononi.

Nyamafu! Mimi niliyeingia mji huu na sinia moja ya vitumbua!

Jumamosi, 21 Septemba

Sahani kumi na moja. Jumamosi iliyopita, sitini na tatu.

Swala kalala kwenye sufuria hakuguswa. Kilichotoka ni sungura tu. Sungura hawana maneno: Tobias wa Kabiria ananiletea hai kwenye gunia, wanarusha mateke, nachinja kwa mkono wangu uani. Nawaloweka kwenye ndimu na kitunguu saumu, tui la kwanza silitii mpaka nyama imelegea. Mzee mmoja wa duka la vitambaa kala sahani mbili. Halafu kauliza polepole, mama, hii ni ile ya gunia, siyo ile ya motokaa?

Ile ya motokaa. Ndilo jina lake sasa.

Jabir nimemwambia yote. Kasema, watu wana husuda. Kaenda kulala.

Jumatatu, 23 Septemba

Leo kapita Nzioka, dereva wa Mzungu. Nikafurahi — shahidi wangu huyu! Nikampa chai ya maziwa na mkate, nikamwambia anisimulie safari ya Alhamisi iliyopita, nipate la kumjibu Mwalimu.

Nzioka akisifu bunduki ya bwana wake utadhani kaitengeneza yeye. "Mama, ile bwana yangu hapana kosa! Swala ine. Mimi nilikuwa navuta sigareti, haijafika nusu, ine yote chini. Moja huko ng'ambo ya korongo kabisa!"

Nikauliza, wanarusha miguu?

Akacheka. "Kurusha nini, mama? Yeye napiga kichwa. Hata mkia hapana tingika. Sisi Wakamba tunajua kuwinda, lakini ile mzee, wacha tu!"

Na Jabir?

"Fundi Jabir nashuka polepole, tunamngojea. Mguu yake mbaya, iko haja gani ya haraka? Nyama hapana kimbia tena."

Kanywa chai yake yote. Kaniaga vizuri.

Anakimbia na kisu — nilimwambia Mwalimu hivyo, kwa mdomo wangu. Goti la Jabir limekufa tangu mwaka 1955, alipoanguka na gunia la mchele. Mimi ndiye ninayelikanda kwa mafuta kila jioni! Anakimbia!

Jumanne, 24 Septemba

Nimemtuma Jabir chumvi duka la pembeni. Chumvi ninayo. Nimekaa chini ya saa ya ukutani. Toka mlangoni pangu hadi mlango wa duka ni yadi mia mbili, nilizipima kwa hatua asubuhi. Kafika kwa dakika nne na nusu. Njia ya lami, hakuna majani, hakuna korongo.

Swala wanne, nusu sigareti, mtu mmoja, mguu mmoja.

Nimepiga hesabu mara tatu. Natafuta nilipokosea.

Jumatano, 25 Septemba

Namalwa, anayenioshea vyombo, kaniona nimeinamia meza, kaniuliza kama nina homa. Sikujua niseme nini. Nimesema tu, huyu baba Salme, sijui nimpikie nini.

"Maharagwe," kasema. "Si ndiyo anakula siku zote?"

Siku zote?

"Siku ya swala, mama. Wewe uko mbele na wateja, mimi ndiye nampakulia. Swala hagusi. Mimi nilifikiri ni sheria ya dini yenu — mchinjaji hali alichochinja!"

Akacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe, ili asione uso wangu.

Miezi minane. Safari thelathini na moja. Mimi nimekula. Salme amekula. Msikiti mzima umekula.

Alhamisi, 26 Septemba

Paja moja lilibaki, nililolikausha kwa chumvi na moshi. Leo nimelifunga kwa majani ya mpapai tangu alfajiri, nikalipika kwa samli, tangawizi, mdalasini. Nimepakua sahani moja. Nimefunga mlango wa mbele. Nimemwekea Jabir mezani.

Kula, baba Salme.

Ameshiba, kasema.

Umeshiba nini?

Kaitazama sahani kama anadaiwa nayo. Nikamuuliza waziwazi: wale swala, kisu kilikuwa kinawakuta hai?

Unajua kasema nini? "Mama Salme, kila nikirudi ulikuwa unauliza, mmeleta wangapi? Miezi minane, wangapi, wangapi. Hukuniuliza jingine."

Hilo si jibu! Hata kama ni kweli — si jibu!

Nimemwambia hivi, na naandika ili asije kusema sikusema. Kesho Ijumaa, saa sita kamili, nusu saa kabla ya adhana, nitakuwa nimeshavaa buibui. Naenda kwa Mwalimu Idarus, ama kumdai sufuria zangu za Maulidi, ama kumwambia nilichowalisha watu. Jabir aniambie neno moja kabla sijatoka. Ndiyo, au la. Asiniletee goti, asiniletee husuda, asiniletee Mzungu. Akishindwa kusema, ale tonge moja mbele yangu.

Sahani iko pale pale, nimeifunikia kawa.

Nilipokuwa nalipika lile paja nilionja chumvi, kama ninavyoonja kila siku. Nikatema.