Kulwa wa Ukutani

Bugarama

Mayu, mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua umeshaitikia kabla Minza hajamaliza kukusomea neno lenyewe. Minza, soma taratibu, na usiruke pale ninapojisifu. Mguu unaendeleaje, Mayu? Mahindi ya huko Urambo yamebeba? Mimi mzima, nimenenepa kidogo, na sura ni ileile inayosumbua mabinti.

Sichimbi tena. Darasa la tano langu mlilolicheka limeniingiza ofisini! Vyumba viwili, feni moja. Tunatengeneza programu ya simu: mchimbaji akishuka duarani, shimoni kule, anabonyeza, akipanda anabonyeza tena, walio juu wajue nani bado yuko chini. Unajua kwa nini niliitaka kazi hii. Siku ile duara lilipotitia, walimtafuta Kulwa wetu kwenye shimo la jirani mpaka jioni, na hakuwa humo. Hakupanda tena.

Mkubwa wangu, dada Rehema, ni mtu wa Moshi, majina ya kwetu hayajui. Akaniambia, "Profesa," ndivyo ninavyoitwa hapa, msicheke, "tubunie mchimbaji mmoja. Tumbandike ukutani, kila tunachotengeneza tujiulize kama yeye atakiweza. Ila asiwe mtu wa kweli."

Kubuni? Mimi tena! Nikasema: miaka ishirini na mitatu, anatumia mkono wa kushoto, hajui kusoma, simu ikiongea anaiamkia kwanza. Wakacheka, wakaandika. Jina? Likanitoka lenyewe: Kulwa.

Kwa ajili yake programu ikafanywa iongee. Na sauti waliyorekodi ni yangu, nani mwingine?

Wiki iliyopita tukamwita mzee mmoja mchimbaji aje aijaribu. Akaitazama ile karatasi ukutani. "Huyu Kulwa, pacha wake Doto yuko wapi?"

Dada Rehema akasema, "Hana, mzee. Ni mtu wa kubuni."

"We binti, Kulwa gani asiye na Doto?"

Nikatafuta utani, Mayu, mimi huyu, nikaukosa. Nikasema, "Doto ni mimi."

Dada Rehema akakaa chini. Hakunifukuza. Alisema tu itabidi jina libadilishwe. Nikamjibu, "Jina badilisha, ila programu iache iongee." Akakubali. Karatasi akaibandua mwenyewe, akanipa. Nimeikunja humu ndani ya barua.

Lakini kwenye simu ya majaribio Kulwa bado yumo. Tulimwandikisha kwamba ameshuka, tuone simu itafanyaje asipopanda. Basi kila saa inauliza, kwa sauti yangu mwenyewe: "Kulwa, umepanda?" Dada Rehema anasema nibonyeze "Amepanda", jaribio liishe. Kidole nimekipeleka mara nyingi. Sijabonyeza. Niambie wewe, Mayu.

Nisalimie mjomba wa trekta na shangazi wa kanisani. Na bibi, aliyekuwa akituchanganya majina tukamcheka: mwambieni siku hizi aniite lolote kati ya hayo mawili. Nitaitika.

Mwanao,
Doto