Waya Niliyotembea Nayo

Jumatatu, 2 Februari 2004
Familia mbili leo. Jumla 168. Skana imekwama tena, nikaipiga kofi, ikaendelea. Ni kizee, haielewani na kompyuta mpya. Bila ile mashine virtuelle aliyoniwekea fundi Sylvestre, kompyuta ya bandia yenye mfumo wa zamani ndani ya kompyuta ya kweli, ningekuwa nimeshaitupa. Ile ya bandia naiita Bibi. Bibi mzima ni faili moja, giga sita nukta mbili. Hati za viwanja, vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa vya watu waliokimbia, vyote vimo tumboni mwake. Watu wanaondoka na karatasi zao, mi nabaki na picha.
Na Bibi analala kwenye disque moja, diski ya ndani ya kompyuta. Moja tu. Ikifa, familia 168 zimekufa nayo.

Jumatano, 4 Februari
Sylvestre amekuja na karatasi yake ya mipango ya kumtunzia Bibi nakala. Fundi wa Uvira, anavuka mpaka wa Gatumba mara mbili kwa wiki, mikono safi mno kwa fundi. Ana njia tatu. Ya kwanza, kisanduku kilicho tayari kutoka Brussels, unakiunga na waya ya réseau, ya mtandao, chenyewe kinatunza. Ya pili, kuchukua ile tour, kompyuta yangu kuukuu ya kusimama, kuitia disque mbili zinazoandikwa pamoja, moja ikifa nyingine inabaki, na kuiweka chumba cha pili. Ya tatu, disque ya inje, unachomeka, unanakili, unaficha kabatini.
Nimemuuliza: kisanduku kikifa, nani Bujumbura anakifungua? Akasema hakuna. Basi kimetoka. Disque ya inje inataka mtu akumbuke kila siku. Mi nakumbuka, ila mikono ikijaa kazi kumbukumbu inaondoka.
Nachukua ya pili. Na disque ya inje moja, ya kuwa nayo tu.

Jumamosi, 7 Februari
Tour imekaa chumba cha pili, inanguruma kama friji. Sylvestre ametaka mambo mawili. Nimeyakataa yote.
Kwanza, alitaka kufungua kompyuta yangu abadilishe pile, betri ndogo ya ndani, eti imechoka. Hapana. Nimewasikia mafundi wa pile. Anaingia na pile, anatoka na barrette yako ya mémoire, kile kipande cha kumbukumbu chenye bei.
Pili, anasema nakala moja ilale nyumba nyingine, mtaa mwingine. Nyumba ikiungua, anasema, tour inaungua pamoja na kompyuta. Akataja kwa shangazi yake, Mutakura. Hapo ndipo nilipomwangalia vizuri.
Mwaka 95 nilikimbia na mtoto mgongoni, nikaacha mashine yangu ya chapa kwa jirani wa enzi hizo. Niliinunua kwa kuuza mandazi miaka mitatu. Niliporudi, jirani akasema wezi walipita. Miezi miwili baadaye nikaletewa barua iliyochapwa mtaa wa Jabe, na herufi e zimelala upande. E zangu. Sikumwambia kitu. Sijamwambia hadi leo.
Kitu changu hakilali tena kwa watu.

Jumatatu, 9 Februari
Inafanya kazi. Nikibonyeza alama ya Funga, Bibi anazimwa, nakala inaenda kwenye tour, kisha kompyuta inajizima. Dakika 21. Nimezihesabu kwa saa ya mkono, taa za kile kidude kinachounga waya zikiwaka na kuzima. Sylvestre anasema inalinganisha tarehe: faili yangu ikiwa mpya kuliko ya kwenye tour, inanakiliwa. Ikiwa si mpya, inaachwa.
Nzuri. Lakini anafurahi kupita kiasi.

Ijumaa, 13 Februari
Mama Zawadi, jirani wa mkono wa kulia, ameniambia huku anachambua maharage, kama kitu kidogo: jana mchana nilipokuwa sokoni, fundi wangu alikaa barazani kwangu nusu saa. Peke yake.
Nimemuuliza Sylvestre. Eti alikuja na ile pile, akanikosa. Akaitoa mfukoni, ndogo kama kifungo cha koti. Mtu anayetembea na jibu mfukoni ni mtu aliyejitayarisha kuulizwa.
Kuanzia leo nikishafunga kazi nachomoa waya ya umeme ya kompyuta, naitia kwenye mkoba. Nikienda sokoni, naenda nayo. Kanisani, nayo. Bila waya hakuna atakayeiwasha.

Jumanne, 17 Februari
Mzee Barnabé ameingia, kofia mkononi. Amerudi kutoka kambini Tanzania. Hati ya kiwanja chake kaishonea ndani ya bitana ya koti, miaka kumi. Tumekata uzi pamoja. Kwenye nyumba yake wanakaa watu wengine, na wiki ijayo chef de quartier, mkuu wa mtaa, atawasikiliza wote. Familia ya 190. Alipotoka alishona tena, hapo hapo kwenye benchi, kwa sindano yake mwenyewe.

Alhamisi, 19 Februari
Saa ya kwenye kioo cha kompyuta imepotea tena, saa nne asubuhi inaonyesha usiku wa manane. Siijali, nina ya mkononi. Funga imekuwa nyepesi, siku hizi haimalizi hata dakika. Sylvestre amekazana kusema lazima kompyuta ibaki imechomekwa. Kwa nini lazima? Kwa faida ya nani?

Jumapili, 22 Februari
Nimemshika.
Baada ya misa nimeangalia tarehe za picha ndani ya Bibi. Picha 61 zimeandikwa 1 Januari 1998. Mwaka 98 nilikuwa nachapa barua kwa mashine ya kuazima, kompyuta sikuwa hata nimeigusa. Kuna mtu anaingia, anashika faili, anafuta nyayo.
Nimetoa disque ya inje kabatini. Nimemnakili Bibi mzima kwa mkono, bila ile alama yake ya Funga. Hajui. Akirudi akagusa tena, nitalinganisha, octet kwa octet, chembe kwa chembe, na nitakuwa na ushahidi. Familia 209. Disque iko ndani ya gunia la mchele.

Jumanne, 24 Februari
Mzee Barnabé amerudi. Mkwewe amefua koti. Ameniwekea mezani kitu kama ugali mkavu wa kijivu.
"Mwanangu, ile karatasi ilivuka mto na mi, haikulowa. Imekufa kwa sabuni."
Nikamwambia asiogope, picha iko. Chef de quartier ni Ijumaa. Wino umeisha, mpya unakuja kesho. Aje Alhamisi.

Jumatano, 25 Februari
Mvua ya mchana, radi, umeme ukaenda ukarudi mara tatu. Mara ya tatu kompyuta ikatoa harufu. Disque inalia tik, tik, tik. Imekufa.
Sikulia. Tour si iko? Nimeifungua.
Bibi aliye kwenye tour ni wa tarehe 13. Familia 181. Tangu hapo hakuna nakala hata moja. Barnabé ni wa tarehe 17. Ile ya kwenye gunia siitaji kwanza, ni ushahidi wangu.

Alhamisi, 26 Februari
Nimemwita Sylvestre na nimemwambia yote. Barazani, Mama Zawadi akisikia. Nimemwita mwizi. Nimesema tarehe za 1998, nusu saa barazani, Mutakura, yote.
Akaomba waya ya umeme. Nikaitoa kwenye mkoba. Akaniangalia.
"Dada Géné, kila siku unaichomoaka?"
Kila siku.
Akakaa chini. Akaeleza polepole, bila kupandisha sauti, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Pile ndogo ndiyo inayobeba saa ya kompyuta ikiwa haina umeme. Pile imekufa. Ukichomoa waya, saa inakufa, na asubuhi kompyuta inaamka ikidhani ni 1998. Bibi anaandikwa 1998. Ukibonyeza Funga, inalinganisha tarehe, inaona Bibi wa leo ni mzee kuliko wa tarehe 13, inamwacha. Siku kumi na mbili.
Akasema kosa ni lake pia, hakupaswa kuamini tarehe kwenye mashine yenye pile mbovu. Kisha: "Lakini mi sikuiba kitu, dada."
Mzee Barnabé alikuwa amefika. Amesimama mlangoni, kofia mkononi. Ilibidi niseme, mbele ya wote watatu. Nikaenda jikoni, nikazamisha mkono kwenye gunia, nikatoa disque. Nikasema niliifanya lini, na niliifanya kwa nini.
Sylvestre akapuliza vumbi la mchele. Akampandisha Bibi kwenye tour. Barnabé yumo, namba 190, mhuri unasomeka. Tumechapa nakala tatu.

Ijumaa, 27 Februari
Chef de quartier aliishika kwenye mwanga, akasema picha si hati. Lakini namba ya kiwanja inasomeka, akafungua registre, daftari la viwanja, akaikuta na jina la Barnabé. Waliomo nyumbani mwake wamepewa miezi mitatu watoke. Mzee amekuja kuniambia.
Zimepotea familia 4, za baada ya Jumapili ile. Karatasi zao wanazo. Nitaenda kwao mwenyewe, kwa miguu.

Jumamosi, 28 Februari
Sylvestre ametia disque mpya na pile mpya. Nimekaa pembeni, sikuchungulia. Nimejaribu kuomba msamaha, maneno yakawa machache. Akasema ile nakala ya mtego ndiyo iliyofanywa sawasawa.
"Basi endelea kunishuku kila siku ya Mungu, dada."
Mama Zawadi alicheka mpaka akaangusha maharage. Mi sikuweza.

Jumapili, 7 Machi
Misa. Nimemnakili Bibi kwa mkono, dakika 22. Familia 217, zile 4 zimo. Disque nimeifunga kwenye kitenge, nimepanda hadi Mutakura. Shangazi yake Sylvestre hakuuliza ni nini. Ameiweka kabatini, kati ya Biblia na sahani za wageni, akanipa chai.
Nimerudi mchana. Kompyuta imechomekwa ukutani, saa yake na yangu zimepishana dakika moja. Kwenye mkoba mna funguo na leso.