Bi Povu wa Misri ya Kale

Jumatatu, 3 Februari

Tumeanza kusahihisha mitihani. Tumewekwa kwenye bwalo la shule ya bweni, wenyewe wako likizo, meza zinanata. Simu tumenyang'anywa mlangoni kama watoto. Kila mtu na swali lake. Mimi nimeangukia la nne: umuhimu wa mito mikubwa kwa staarabu za kale. Kutwa nzima mito! Maji, rutuba, kilimo, usafiri, uvuvi, biashara. Tiki, tiki, tiki. Jirani yangu mezani — tunamwita Profesa kwa ajili ya miwani tu, elimu yake kama yangu — anasema hadi Ijumaa nitakuwa nimeota mapezi. Nimecheka kuliko utani ulivyostahili. Uchovu huo.

Jumanne, 4 Februari

Mito. Mgongo unauma. Chai ilikuwa nzuri.

Jumatano, 5 Februari

Leo kumetokea kioja. Bahasha mpya, shule moja. Majina hatuonyeshwi, ni namba tu. Mtahiniwa wa kwanza kaandika kwamba mto ulileta sheria: wa juu akifua, wa chini anakunywa povu, basi ikabidi watu wakae kikao waamue nani afue siku gani. Nikasema, huyu ana akili! Wa pili: povu. Wa tatu: povu. Wa nne kaandika, "Kwa mfano, Bi Povu wa Misri ya kale." Profesa kacheka mpaka miwani ikadondoka. Akaniuliza huyo ni malkia wa nasaba ya ngapi.

Mimi nilicheka kidogo tu. Bi Povu namjua. Ni mama yangu.

Tulikaa karibu na mto. Mama alikuwa akifua nguo juu kidogo ya pale jirani alipochota maji ya kunywa. Walirushiana maneno mwezi mzima, hadi mtaa ukakaa kikao na kupanga siku za kufua. Jina likamganda mama mpaka leo. Mdogo wangu anafundisha historia kulekule nyumbani, anaishi naye. Kumbe hivyo ndivyo anavyowafundisha watoto chanzo cha sheria — kwa beseni la mama! Halafu mmoja wao kamhamishia Misri. Nimeona fahari, jamani. Sana.

Alhamisi, 6 Februari

Fahari imeingia mchanga. Kiongozi wa meza yetu kaipitia ile bahasha. Anasema darasa zima haliwezi kuandika sentensi ileile, lazima kuna karatasi ya majibu iliingizwa chumba cha mtihani. Anataka kuipeleka kwa kamati. Kamati ikikubali, matokeo ya shule nzima yanafutwa. Watoto wa watu! Kosa lao ni kumsikiliza mwalimu.

Nikisema mwalimu wao ni ndugu yangu, ninaondolewa hapa, na watadhani tulipanga. Nikinyamaza, watoto wamekwisha. Nimeshindwa kula mchana. Profesa kaniuliza, dada, mbona kama umemeza mwiba?

Jioni nimekwenda kwa kiongozi. Nimesema yote. Kanisikiliza, akaniambia nije asubuhi.

Ijumaa, 7 Februari

Kiongozi si mtu mbaya, ila hadanganyiki kirahisi. Kaniambia, haya, isimulie mwenyewe tulinganishe. Nikasimulia: beseni, ugomvi, kikao, siku za kufua. Basi.

Akafungua karatasi moja, akanisomea mwisho mwingine. Kwamba Bi Povu, hata baada ya kikao, kila siku yake ya kufua aliamka alfajiri, akachota maji kabla hayajachafuka, akamwachia jirani ndoo mlangoni. Hakumwambia mtu.

Mimi hilo sikulijua! Miaka ile nilikuwa bweni, aliyebaki nyumbani ni mdogo wangu. Mama yangu, yule mwenye mdomo wake! Machozi yamenitoka palepale. Na bado nimeonekana mwongo. Hadithi zenu hazifanani, mwalimu — ndivyo alivyosema, kwa upole kabisa.

Sasa nimekaa kibarazani, naandika magotini. Ameniomba namba ya mdogo wangu na kunikataza kusema neno. Kiongozi yuko ndani, mlango uko wazi. Kaweka spika. Inaita. Profesa kasimama dirishani, hacheki.

Imepokelewa.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

Kiongozi hajitambulishi. Anamwuliza moja kwa moja: Bi Povu ni nani?

Upande wa pili nasikia vyombo vinaoshwa, mtu anagomba.

"Ni mama yangu huyo," mdogo wangu anasema. "Kwani kafanya nini tena?"