Kampala Anaenda Kanada

Jumanne, 14 Januari

Kilo kumi na moja tu. Jua limekaza, chai imekataa kuchipuka, majani magumu kama ngozi ya kiatu. Karani wa bai senta, pale tunapopimia chai, akasema kikapu changu kimejaa mabua. Nikamwambia achunge mdomo, anaongea na mtu wa ng'ambo. Watu wakacheka. Hata yeye akacheka.

Barua ya alama za vidole za viza imeingia kwa simu. Tarehe 27, Nairobi. Mimi na binti yangu Chelagat. Miaka saba tumengoja mke wangu Sarah atuite Kanada, na ameita.

Daftari hili nimelitoa chini ya sanduku la Sarah. Nyuma kuna mambo ya zamani, mbele kuko safi. Safari kama hii lazima iandikwe, na mimi ni mtu wa kuandika. Shule niliacha kidato cha pili, lakini si ujinga. Siku hiyo lori lilikuwa linaenda Kampala na dereva alitaka utingo. Ndiyo maana Litein nzima inaniita Kampala. Nimevuka mpaka wa Malaba mara nyingi kuliko pasta wetu alivyobatiza watu.

Alhamisi, 16 Januari

Nimeangalia vidole vyangu vizuri. Hakuna mistari. Miaka kumi na mitano ya kuchuma chai imeifuta yote. Vyeusi, laini kama kipande cha sabuni kinachoisha. Mashine ya Nairobi itasoma nini hapa?

Chelagat ana miaka kumi na mitatu na anajua kila kitu, hiyo amerithi kwangu. Amesema nisiguse chai mpaka tuende, na nipake mafuta ya kukamulia. Yale ya matiti ya ng'ombe. Nimepaka. Nanuka kama zizi.

Nyambane amekuja, jirani yangu, Mkisii mwenye mashine ya kusaga mahindi. Ameniona na kopo.

"Kampala! Kwani leo utajikamua lita ngapi?"

Nimemtukana na babu yake. Kisha akachukua kikapu changu ukutani, akasema atanichumia mpaka nisafiri. Hajataka kitu. Watu wananipenda, sijui nitasema nini.

Jumatano, 22 Januari

Nimepanga karatasi zote mezani. Picha za ndoa yetu ya kimila, nimevaa koti la kuazima na napendeza kuliko mwenye koti. Cheti cha ndoa kutoka serikalini, tarehe iko wazi, tulioana kabla ya Chela kuzaliwa. Cheti cha Chela. Ushahidi umesimama kama ukuta. Nani ataniambia huyu si mke wangu?

Karatasi nazielewa. Hata fomu za Sarah za kwenda huko ni mimi nilimjazia. Yeye kalamu alikuwa anaiogopa. Nilijua wazungu wanataka kusikia nini. Alipita mara moja. Mpaka leo wanawake wa hapa wakipata kazi ya kulea wazee ng'ambo kama yeye wananiletea fomu. Nimeandikia watatu zaidi. Soda tu wananinunulia.

Jumatatu, 27 Januari

Nairobi. Vidole vya Chela vilikubali mara ya kwanza. Vyangu vilikataa mara nne. Msichana wa mashine alivipangusa kwa kitambaa, akavikandamiza mpaka nikaona nyota. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia, hiyo chai uliyokunywa asubuhi, ni mimi. Akacheka, akajaribu tena, ikakubali.

Serikali ya Kanada sasa inanijua kwa ngozi.

Jumapili, 16 Februari

Kanisani pasta ameniita mbele na Chela. Tumeombewa. Nilipewa dakika mbili nikachukua ishirini. Niliwaambia nitawatumia theluji kwa debe, akina mama wakashika mbavu.

Chela alivaa lile koti jekundu la baridi ambalo mama yake alimtumia. Jua hili! Jasho lilimtoka mpaka kidevuni. Nikamwambia avue. Akasema anazoea.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimempa Nyambane ng'ombe. Yule yule wangu, anayeitwa Tamu, na kamba yake. Mtu amekuchumia chai miezi miwili, utamwachia nini, salamu? Alikataa, nikamfunga ng'ombe zizini kwake kwa nguvu. Gumboti nimempa shemeji. Redio imeenda. Viti vimeenda. Tunakula tumekaa juu ya magodoro na nyumba inatoa mwangwi kama tangi.

Chela ameniuliza, je, tukikosa?

Nimemwambia Kampala hajawahi kurudishwa mpakani.

Ijumaa, 4 Aprili

Barua imekuja kwa simu. Tumekataliwa.

Nilimpa Chela asome. Kiingereza changu ni cha barabarani, hicho kilikuwa cha mawakili. Alisoma sentensi moja moja na kunieleza, amesimama mlangoni, sauti ya shule.

Barua inasema Sarah alipoomba kwenda kuishi huko aliandika hajaolewa. Aliandika hana mtoto. Cheti chetu kinaonyesha siku hiyo alikuwa na mume. Kwa hivyo kwa sheria yao sisi si familia yake. Yeye aliyetuacha nje ya karatasi hawezi kutuita sasa. Si mwaka huu, si mwaka ujao.

Pale pa mtoto Chela alisoma mara mbili. Kisha akajaribu kukunja kona ya simu na kidole, kama vile ni karatasi.

"Kwa hivyo mimi ni nani wake?"

 

Jumamosi, 5 Aprili

Nimempigia Sarah asubuhi. Simu nje kwa spika, nilitaka mtoto asikie. Nilimwambia alijifanya msichana ili aolewe na mzungu. Nilimwambia alimtupa mtoto kama takataka. Nilimwita malaya. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyosema.

Hakubisha. Aliuliza tu, "Baba Chela, Chela ako hapo?"

Nikasema ako hapa, anasikia yote.

Kisha akasema, "Sawa. Umemaliza?"

Sikuwa nimemaliza. Alipokata simu niliingia kwa kundi la WhatsApp la ukoo wao nikaweka sauti dakika tisa. Mama yake yuko humo. Ana presha. Nilijua.

Kama angekuwa hana hatia si angejitetea?

Jumatatu, 14 Aprili

Nimerudi kuchuma. Mvua imefika, chai imejaa, mimi sina gumboti. Nimechuma na sandali.

Bai senta jina langu limebadilika. "Kanada! Debe la theluji liko wapi?" Karani alinipima wa mwisho, akasema aanze na wenyeji kwanza, wageni wa ng'ambo wangoje. Watu walicheka hadi vikapu vikaanguka. Zamani ningekuwa mimi wa kuwachekesha.

Nyambane hakucheka. Alikuwa anaangalia chini. Nikajua kuna kitu. Ng'ombe alimuuza Alhamisi iliyopita sokoni, mtoto wake alikuwa amelazwa hospitali ya Longisa. Alisema pole mara tatu. Nikamwambia ng'ombe ni wako, unauza ng'ombe wako, pole ya nini? 

Chela amekataa simu za mama yake siku tisa sasa. Lile koti jekundu amelivalisha mti katikati ya shamba la mahindi, kutisha kunguru. Amelifunga vifungo vyote mpaka shingoni. Mikono ameinyoosha kwa vijiti.

Nilifurahi kuliona. Nisijidanganye humu ndani, hakuna mtu anasoma. Nilifurahi kwamba mtoto ako upande wangu.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo niliamua kuwaandikia watu wa viza. Niwaambie huyo mwanamke aliwadanganya nyinyi na akatudanganya sisi, mtoto na mimi hatuna kosa, wamwadhibu peke yake, watuchukue sisi. Nilitaka karatasi ya kuandikia kwanza, kabla ya kwenda kwa duka la kompyuta. Nikageuza daftari hili, nikatafuta nafasi nyuma, kwenye yale mambo ya zamani.

Nyuma kuna ile fomu. Siku ile tuliandika hapa kwanza, ndipo tukaenda Litein ikapigwa chapa.

Herufi kubwa. Zangu. Hakuna mtu mwingine Bomet na Kericho anaandika R yenye mkia.

JINA: SARAH. Chini yake: NDOA: SINGLE.

Chini yake: WATOTO. Hapo Sarah alikuwa ameandika 1, kwa penseli, ndogo sana. Juu ya hiyo moja kuna mstari wa kalamu yangu. Nimeikata. Pembeni nimeandika NIL, yaani hakuna. Nikapiga mistari miwili chini, vile mtu anapiga akiwa na furaha.

Na pembeni zaidi, bado mkono wangu: "Wakiuliza picha ya Chela, sema ni mtoto wa dada. Wazungu hawataki mama analia kazini. Mambo ya mtoto tutarekebisha baadaye."

Nakumbuka sasa. Alisema, lakini Chela je? Nikamwambia, wewe umevuka mpaka gani hapa duniani? Akaweka penseli chini. Chela alikuwa amelala pale pale, juu ya magunia, miaka sita.

Nilisahau. Hapana. Sijui kama nilisahau. Tangu ile barua isomwe kuna kitu kilikuwa kinanigongagonga nyuma ya kichwa, na kila kikigonga nilipiga kelele zaidi.

Na wale watatu wengine niliowaandikia. Wote NIL.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Sikuenda kanisani. Nilipanda juu kwenye chai peke yangu nikampigia Sarah.

Nikamwambia nimeona daftari.

Akasema, "Eh."

Nikamuuliza, ulikumbuka? Akasema mtu hasahau mkono uliomfuta mtoto wake. Alitia sahihi lakini, akasema, sahihi ni yake, hawezi kusema alifungwa kamba.

Nikamuuliza, basi siku ile nakutukana mbona hukusema? Ungesema neno moja tu. Mtoto alikuwa anasikia.

Nilimsikia akivuta pua. Kwao ilikuwa alfajiri, alikuwa anatoka zamu.

"Ndiyo sababu. Mtoto anakaa na wewe, Baba Chela. Hakai na mimi. Akichukia mmoja, heri achukie aliye mbali."

Nilikaa kwa matope. Nimejisifu maisha yangu yote kwamba mimi ni mtu wa roho kubwa. Nagawa ng'ombe, nagawa viti.

Jumamosi, 19 Aprili

Nilianza na mzaha. Nilimwambia Chela, kuja uone mwandiko wa profesa. Hakucheka, ananijua. Nikafungua daftari upande wa nyuma nikamwekea mapajani.

Akasoma kwa ile sauti aliyosomea barua. Alipofika kwa ile namba akaweka kidole.

"Hii moja ni mimi?"

"Ni wewe."

"Nani ameniandika?"

"Mama yako."

"Na huu mstari?"

Nikasema ni wangu. Nikasema vizuri, sikumung'unya. Nikasema na matusi yale yote yalikuwa yangu, mama yako alijua na alinyamaza kwa ajili yako. Nilitaka kuongeza kwamba nilikuwa namaanisha mema. Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

Hakulia. Alichana ule ukurasa, polepole, kwa kufuata mshono, akaukunja mara nne, akautia ndani ya soksi. Akaniomba simu. Akatoka nayo.

Baadaye nimeingia kwa kundi la ukoo wao, nikaweka sauti nyingine, ya kukiri na kuomba msamaha. Sekunde arobaini tu. Mama yake Sarah amesikiza. Hajajibu. Wengine wamejibu, na wana haki.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua wiki nzima. Chai inachipuka haraka kuliko mikono. Vidole vimeanza kuwa vyeusi tena.

Nimeenda kwa wale watatu wa fomu, nyumba kwa nyumba, nikawaambia waume zao nilichoandika. Mmoja alinipiga. Si sana. Mwingine ameniuliza sasa tufanye nini, na mimi sikujua, nikasema sijui. Hilo neno lina ladha ya ajabu mdomoni.

Chela hajaniongelesha siku ya nane. Anapika, ananiwekea, anaenda. Simu yangu inakaa na yeye. Jioni anaketi nyuma ya jiko na kuongea na mama yake, na leo nimemsikia akicheka. Nilisimama na kikapu mgongoni, mvua inanyesha, sikusogea mpaka alipomaliza.

Mti umebaki uchi katikati ya mahindi. Koti liko kwenye kamba, limefuliwa. Kwa hali hii ya hewa halitakauka wiki hii. Nimelisogeza chini ya paa, kidogo tu, nikarudisha vibanio jinsi alivyokuwa ameviweka.