Nepi Zako Zilitakata

Mwanangu Syombua,

Nakuandikia nikiwa nimekaa mlangoni, pale pale nilipokuwa nikikulaza kwenye jua la asubuhi. Ndugu yako amelala mapajani mwangu. Amezaliwa juzi juzi na nimekataa apewe jina. Susu yako, mama wa baba yako, amenikasirikia. Wazee wa kanisa nao wameanza kuuliza. Sina la kuwajibu ila hili ninalokuambia wewe: siwezi kumpa mtoto jina halafu nimzike nalo. Nimeshafanya hivyo mara moja.

Unakumbuka? Hukumbuki, najua, uliishi miezi michache tu. Basi acha nikumbuke kwa ajili yetu wawili. Ulizaliwa mvua ikipiga mabati, ukapewa jina la Susu, ukawa Syombua kama yeye, naye akawa anakubeba kama vile amekuzaa yeye. Ulinyonya vizuri. Ulicheka mapema. Macho yako yalikuwa na umanjano, na muuguzi wa zahanati hapa Kalamba akasema watoto wengi huanza hivyo, nikuweke juani. Hakudanganya, wengi huanza hivyo. Nikakuweka juani kila asubuhi, nikikugeuza huku na huku kama mahindi niliyoyaanika.

Mwaka ule mvua ilikatika upesi, tukarudi kuchimba maji kwenye mchanga wa mto. Punda akipanda na madebe, nyumba nzima inayasubiri. Wanawake wenzangu waliojifungua walikuwa wakilia na nepi. Mimi sikulia. Choo chako kilikuwa cheupe, kama unga uliokorogwa na maji, hakikuacha doa. Mkojo tu ndio ulikuwa umekolea kama chai ya rangi, tukasema ni joto. Nilisuuza nepi zako kwa maji kidogo zikatakata, nikizianika zinang'aa hadi majirani wananiuliza ni sabuni gani. Susu alikuwa akicheka, "Huyu mtoto anajua shida ya maji. Amehurumia mama yake." Nami nikacheka naye. Tulijivunia nepi zako, mwanangu.

Tumbo lako lilipoanza kuvimba, na jua likashindwa kabisa na ule umanjano, nikakupeleka hospitali kubwa. Daktari alikutazama macho, akakubonyeza upande wa ini, akaniuliza, "Mama, choo ya mtoto iko rangi gani?"

"Nyeupe, daktari," nikamjibu, tena kwa majivuno. "Iko safi kabisa."

Akaweka kalamu chini. Hata leo nikiona mtu akiweka kalamu chini, moyo hunilipuka.

Alinichorea. Ini ndilo linalotengeneza nyongo, akasema. Nyongo hupita kwenye mirija myembamba, nyingine husubiri ndani ya kifuko chake, kisha hushuka kwenye utumbo kusaidia kusaga mafuta, na ndiyo inayokipa choo rangi. Mirija ikiziba, nyongo hurudi nyuma ikaliharibu ini, ikaingia kwenye damu, ikaonekana machoni. Akaandika neno refu la kidaktari kwenye kadi yako. Nilimwomba muuguzi, msichana wa kwetu Ukambani, aniambie maana yake kwa lugha yetu. Alitazama pembeni kwanza. "Vai nzia," akasema. Njia haipo.

Walikupasua wakaitafuta hiyo njia. Wakakuta kifuko kimenywea, na mirija imekauka kama uzi, haina tundu. Wakakushona. Nikarudi nawe nyumbani, na kabla mvua nyingine haijanyesha tukakuzika nyuma ya nyumba.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku ya kukuzika mjomba wako aliwachinjia watu mbuzi. Nilimwona akikitoa kile kifuko cha nyongo polepole kisipasuke, cha kijani, kimejaa, kinameta, kisha akakitupa kwenye majani. Nilitaka kumrukia. Nilitaka kumrukia Mungu mwenyewe. Kila mbuzi wa Kalamba ana kifuko na mrija wake, hata wale waliokondeana wanaokufa kwa kiangazi, na wewe ukanyimwa kitu chembamba namna ile! Kanisani waliniambia nisimuulize Mungu maswali. Namuuliza bado.

Sasa huyu. Daktari alisema ni nadra sana ugonjwa huo kurudi kwenye nyumba moja. Nadra ni neno lake, si langu. Choo chake cha kwanza kilikuwa cheusi kama lami, kama cha watoto wote, na tangu hapo kila nepi naifungulia hapa mlangoni penye mwanga. Nikimnyonyesha siangalii uso wake. Naogopa kuuzoea. Nampekua macho, namsogeza mwangani, sijui ninachokiona ni umanjano au ni woga wangu.

Leo asubuhi nimekuta doa. Manjano, zito, limesambaa nepi nzima. Sikulifua. Niliitundika kwenye kamba vile vile, na Susu akatoka jikoni akashangaa, "Mwana wakwa, mbona unaanika nguo chafu?"

"Iache, Mwaitu, mama yangu," nikamwambia. "Iangalie."

Aliiangalia. Akaishika kwa mikono miwili, akakaa chini pale pale kwenye vumbi akilia, akiita Syombua, Syombua. Mtu asiyetujua angedhani anajililia mwenyewe.

Nimefurahi, mwanangu, na furaha hiyo inaniuma, kwa sababu doa lile lilikuwa haki yako. Na doa moja halitoshi. Kesho nitafungua tena, na kesho kutwa. Susu anataka jina litolewe jioni hii. Nimemwambia angoje.

Wewe ulilala ukiwa safi kuliko watoto wote wa Kalamba. Nisamehe nikimwombea ndugu yako achafuke.

Mama yako.