Kodi ya Bunduki ya Baba

Jumatano, 11 Septemba

Nimefungasha sanduku la mezani. Kitambaa cha kijani, kikokotoo, kitabu cha risiti, chupa ya kahawa. Onyesho la kuuzia bunduki ni Jumamosi na Jumapili, ukumbi uleule wa mnada wa ng'ombe, Cutler Springs. Kila mwaka huwa nafurahi. Mara hii sivyo.

Mwandaaji kapiga simu. Maafisa wa kodi wa jimbo watapita meza kwa meza. Muuzaji mwenye duka, kama sisi, akigundulika kauza bila kutoza kodi ya mauzo — meza basi, hata leseni inaweza kwenda. Garland kanieleza huku anapaka mtutu mafuta, kana kwamba anasoma utabiri wa mvua. Mume wangu huyu!

Mimi nimekumbuka onyesho la kabla ya Pasaka. Shemeji yangu Denzil, mdogo wake Garland, hana duka wala leseni. Yeye huzunguka ukumbini na bunduki yake mwenyewe begani, kijiti ndani ya mtutu, kikaratasi juu ya kijiti kama bendera. Ndivyo wauzavyo watu binafsi, na kodi hawatozi. Wenzake huandika bei. Yeye siku ile kaandika HAKUNA KODI, herufi kubwa, akaja kusimama mbele ya meza yetu! Watu wakawa wanashikashika bunduki zetu, wakisikia bei na kodi juu yake, wanamgeukia Denzil. Kikulacho ki nguoni mwako.

Garland akafura. Akasema kama kuuza bila kodi ni kutamu hivyo, naye ataonja. Kesho yake akaja na kitu kirefu ndani ya blanketi. Akamuuzia jamaa mmoja wa ndevu, nyuma ya meza. Hakuna risiti. Hakuna kodi. Nilipouliza nikaambiwa, "Nyamaza, Verlene." Nikanyamaza, mimi! Tangu siku hiyo yeye na mdogo wake hawasemezani. Ufunguo wa kabati la bunduki anao yeye, nami sijathubutu kuuomba nione ipi haipo. Kama kitu kile kilikuwa mali ya duka, tumekwisha. Meza ile ndiyo inayotulisha.

Alhamisi, 12 Septemba

Mama Opal, mama mkwe, kapiga simu. Jumapili baada ya onyesho kuna chakula kwake, wanawe wote wawili. Nikamwambia Mama, hawa hata salamu hawapeani. Akasema hakuomba waimbe kwaya, ameomba waje kula. Asiyekuja asimtafute tena.

Garland kasikia. Kanuna.

Jumamosi, 14 Septemba

Mungu wangu, siku gani hii! Miguu inauma, lakini moyo mweupe. Karibu mweupe.

Asubuhi mlangoni wamezifunga bunduki zote kamba za plastiki zisifyatuke, kama kawaida, tukapanga meza. Ukumbi wote minong'ono. Kuna mtu kavaa tai, lazima ni wa kodi! Kila alipopita, wauzaji wakawa wakali wa kodi ghafla — hata mzee wa visu aliyekuwa haijui risiti tangu azaliwe. Kumbe mchungaji wa Kibaptisti, anatafuta kisu cha kuchunia kulungu. Tumecheka!

Afisa mwenyewe alikuwa keshafika. Mama wa makamo, raba nyeupe, anatafuna nyama iliyokaushwa kutoka meza ya upande wa pili. Mimi nikidhani mteja. Nikamsifia mpaka bastola. Akatoa kitambulisho.

Akaangalia risiti zetu za asubuhi. Safi. Kisha akamuuliza Garland swali lile. Mwaka huu umewahi kuuza chochote bila kodi?

Nilishika ukingo wa meza. Nikasema moyoni, mume wangu, danganya. Halafu nikasema, usidanganye. Sikujua nataka lipi.

"Kimoja," Garland akasema. "Kabla ya Pasaka."

"Cha duka?"

"Hapana. Changu. Aliniachia baba alipofariki. Dukani hakijawahi kukanyaga."

"Huwa unauza vyako mara kwa mara?"

"Mara ile tu. Na sirudii."

Yule mama akafuta vidole. Akasema mtu kuuza kitu chake cha urithi mara moja si biashara, hilo halimhusu yeye. Akanunua kopo la mafuta ya bunduki — akalipa na kodi yake, akatabasamu — akaenda zake.

Roho ikanitua! Miezi yote hii nalala na jiwe kifuani, kumbe jiwe lenyewe halikuwapo. Nilikaa juu ya sanduku nikacheka peke yangu kama mwehu. Mume wangu si mwizi. Nilimbusu mbele ya watu, akaona haya.

Kisha nikasikia vizuri alichosema. Aliniachia baba.

Baba mkwe Roscoe aliacha bunduki moja tu kwa Garland. Ile ya mitutu miwili, ya kuwindia kware. Kitako kina alama za meno, mbwa wake alikitafuna angali mtoto, na mzee alikataa katakata kisipigwe msasa. Hiyo! Ndani ya blanketi! Kumbe alitaka kuuza bila kodi kama mdogo wake, na kwa kuwa ni mtu wa haki, kitu pekee alichoweza kuuza bila kodi kilikuwa cha baba yake. Hasira hasara. Nimemwangalia. Akajua nimejua. Akaanza kunyoosha kitambaa kilichokuwa kimeshanyooka.

Sikumgombeza. Amejigombeza vya kutosha tangu Pasaka, na mimi nilidhani ananuna tu.

Haijaisha. Jioni nikaenda kununua nyama iliyokaushwa upande wa pili. Kwenye meza ya Hobart, muuzaji mwenye duka kama sisi, nani kasimama? Denzil. Hana bunduki begani. Hana kibendera. Anajaza fomu ya kununua bunduki! Hobart yuko kwenye simu, serikali imkague mnunuzi. Nikajificha nyuma ya vikapu vya soksi za wawindaji.

Hobart akasema bei, kisha akasema kodi. Nikasubiri matusi. Denzil ninayemjua mimi angeruka mpaka kwenye paa.

"Andika yote," Denzil akasema. "Risiti iwe kamili."

"Wewe? Ulipe kodi?" Hobart akacheka. "Unaumwa?"

"Andika, bwana."

Denzil akainyanyua bunduki. Nikaona kitako. Nikaona meno ya mbwa.

Garland sijamwambia. Kaniuliza mbona macho mekundu, nikasema pilipili ya ile nyama.

Jumapili, 15 Septemba

Naandikia jikoni kwa Mama Opal, nyuma ya kitabu cha risiti, daftari liko nyumbani. Siwezi kungoja.

Garland kaja. Mama kaoka nyama ya ng'ombe na viazi, maharage machanga, pai ya tufaha. Tukakaa. Kiti cha Denzil kitupu. Mama kama haoni, haulizi, anapanga uma tu.

Mlango ukafunguka. Denzil, bunduki ya baba yake begani. Ndani ya mtutu kijiti, juu yake kikaratasi. Kimeandikwa: SI YA KUUZA.

Mama akaweka mkono mdomoni. Akasema, "Ya Roscoe hiyo."

Garland akawa mweupe kama sahani. Akasimama.

"Uliipata wapi?"

"Kwa Hobart. Mtu mmoja wa ndevu aliibadilisha kwake kwa nyingine."

"Hobart ana duka."

"Najua ana duka."

"Basi ulilipa..."

"Nililipa, kaka. Usinifanye nirudie mbele ya mama."

Garland alianza kukohoa. Nikakimbilia maji. Kumbe anacheka! Cheko ambalo sijalisikia tangu Pasaka, mpaka akashika meza. Denzil akajikaza, akashindwa. Wakacheka wote, watu wazima, machozi yanawatoka. Mama akasema wanamchosha, nyama inapoa, naye anafuta macho kwa aproni. Mimi nalia na kucheka pamoja, nimekimbilia huku jikoni.

Sasa nawasikia barazani. Garland anasema atamrudishia pesa zote, na kodi. Denzil anasema hataki, aichukue tu, baba alimwachia yeye. Garland anasema aliyeiuza hana haki nayo, kaa nayo wewe. Sauti zinapanda! Nimechungulia dirishani. Garland kashika kitako, Denzil kashika mtutu. Wanabishana kweli kweli, na hakuna anayevuta, na hakuna anayeachia.